UZI: Mkasi wa kukata VVU kwenye DNA upo kweli, ila tuambizane umefika wapi

Kopo la Saa Tatu (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Kila baada ya miezi kadhaa inazunguka ile habari ya "wanasayansi wamefanikiwa kuondoa VVU kwenye seli", watu wanarushiana kwenye magrupu, komenti zinajaa "Mungu ni mkubwa", alafu baada ya wiki mbili kimya. Nimekua nasoma napita. Safari hii nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu hiyo habari imemgharimu mtu wa damu yangu kabisa, ntamweleza huko chini.

Mimi natumia ARV mwaka wa 14 huu, saa tatu usiku kila siku. Sio daktari. Ila hili jambo nimelifuatilia miaka mingi maana linahusu mwili wangu, na nimejifunza kutofautisha habari na matumaini ya mwandishi wa habari.

Tuanze na swali ambalo wengi hawaulizi: kwanini ARV haziponyi? Dawa zinafanya kazi, wingi wa virusi unashuka mpaka haigunduliki, na mtu ambaye haigunduliki hamuambukizi mwenzake kwa ngono, hilo limethibitishwa. Sasa kwanini nisiache?

Kwa sababu kirusi hiki kikiingia kwenye seli ya CD4 (seli ya kinga ya mwili) hakikai tu humo ndani kama mgeni sebuleni, kinageuza RNA yake kuwa DNA alafu kinajibandika katikati ya DNA yako wewe mwenyewe. Maandishi yake ni kama herufi 9,700, yameingizwa katikati ya herufi karibu bilioni 3 za binadamu. Kuanzia hapo ile seli haioni tofauti, ni sehemu yake. Nyingi kati ya seli hizo zinakufa, ila chache zinaenda kulala. Hazitengenezi virusi, kwahiyo kinga ya mwili haizioni, na ARV hazina cha kuzifanya maana ARV zinazuia kirusi kisizaliane na kisiingie seli nyingine, zile herufi zilizokwisha kubandikwa haziguswi. Tena mbaya zaidi seli iliyolala ikijigawa, inanakili na yale maandishi.

Kama umewahi kupalilia ndago utanielewa. Juu shamba linaonekana safi, chini vile vijiazi vipo. Watafiti walipima hayo maficho yanapungua kwa kasi gani kwa mtu anayekunywa dawa vizuri, ikaonekana yanachukua kama miezi 44 kupungua nusu, ukipiga hesabu mpaka yaishe ni zaidi ya miaka 70. Na ukiacha dawa, kwa walio wengi kirusi kinarudi ndani ya wiki 2 mpaka 4.

Sasa ndo ikaja CRISPR. Asili yake ni kinga ya bakteria dhidi ya virusi wanaowashambulia. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha mwaka 2012 kwamba unaweza kuiongoza ikate DNA pale unapotaka wewe, wakapewa Nobel ya kemia 2020. Ina vitu viwili tu: kimeng'enya kinachokata (Cas9) na kipande cha RNA kinachokielekeza, kwamba nenda tafuta herufi hizi, ukizikuta kata.

Kwa VVU hii kitu ilionekana kama imetengenezwa makusudi, maana maandishi ya kirusi yana mwanzo na mwisho unaofanana (sehemu inaitwa LTR), kwahiyo kielekezi kimoja kinaweza kukata ncha zote mbili na kipande chote cha katikati kikadondoka.

Lakini kukata peke yake kukaleta shida. Seli ikikatwa DNA inajiunga yenyewe, na inapojiunga inaacha kovu, herufi moja imeongezeka au mbili zimepungua. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba kovu hilo mara nyingi linakiua kirusi, ila mara nyingine linakiacha hai na linabadilisha ile sehemu kiasi kwamba mkasi haukitambui tena. Yaani umekisaidia kutoroka! Ndo maana sasa hivi wanakata sehemu mbili au zaidi kwa pamoja, ili kipande kikubwa kitoke na kisiwe na cha kuunga.

Iliyofika mbali zaidi kwa njia hii ni EBT-101, ya kampuni ya Excision BioTherapeutics, kutokana na kazi za Kamel Khalili na wenzake wa Chuo Kikuu cha Temple kule Philadelphia. Inakata kwenye LTR na kwenye jeni moja ya kirusi inayoitwa gag. Inabebwa na kirusi kingine kisicho na madhara kinachoitwa AAV9, wamekitoa vya kwake wakaweka mkasi, mtu anawekewa dripu mara moja tu. Mtu wa kwanza aliwekewa Julai 2022.

Kabla ya hapo walipita kwa panya. 2019 walitoa matokeo ya panya waliopandikizwa seli za binadamu, wakapewa ARV za kukaa mwilini muda mrefu alafu CRISPR, na karibu theluthi moja ya waliopata vyote viwili hawakuonekana tena na kirusi. Wakapita na kwa nyani wenye SIV, ambayo ni ndugu yake VVU.

Kwa binadamu je? Mei 2024 walitoa majibu. Hamna aliyepata madhara makubwa, na kwa dawa ya kwanza kabisa ya aina hii hilo ni jambo la kushukuru. Washiriki 3 wakaacha ARV chini ya uangalizi. Wote 3 kirusi kilirudi. Mmoja wao kilichelewa mpaka wiki ya 16.

Hapo ndo tulipo wakuu.

Sasa mdogo wangu. Yeye yuko kwenye dawa miaka 6. Machi 2024 ilitoka habari ya timu ya Amsterdam kwamba wamekata VVU kwenye seli, na ni kweli walikata, ila ni seli za maabara, na wenyewe walisema kabisa huu ni uthibitisho wa awali kwamba inawezekana, bado sana kuitwa tiba. Dogo hakusoma mpaka huko. Nimekuja kumtembelea miezi mingi baadae, natafuta chaja kwenye droo yake nakuta makopo matatu, nikayatikisa yakatoa ule mlio wa kujaa, nikafungua kifuniko, ule utando wa juu bado umebana haujaguswa. Nikamuuliza. Akatoa simu akanionyesha ile habari ameihifadhi, akaniambia kaka si wameshakikata, nimechoka kumeza, nasubiri tu ifike.

Tulipoenda kupima, wingi wa virusi uliokua haugunduliki ulikua umepanda vibaya na CD4 zimeshuka. Sikumgombeza. Kuchoka nakujua.

Kwahiyo mkasi upo na unakata. Kinachosumbua ni kuufikisha kwa kila seli iliyolala, mahali popote ilipo mwilini, bila kukosa. Habari nyingi mnazosoma ni za mkasi. Za kufikisha ndo zenye maana na hazipati vichwa vikubwa.

Karibuni wenye maswali na wenye ujuzi kunizidi.

---

Njiwa Mweupe

Asante mkuu, pole sana kwa mdogo wako. Swali langu ni wale waliopona kabisa, si wapo? Yule wa Berlin na yule wa London. Hawakukatwa na CRISPR ila walipona. Kwanini wasifanye hivyo kwa wote?

---

Kopo la Saa Tatu

Swali zuri. Timothy Ray Brown, ndo "mgonjwa wa Berlin", alikua na saratani ya damu, akapandikizwa uloto 2007 na tena 2008. Daktari alimtafutia mchangiaji mwenye mabadiliko kwenye jeni ya CCR5, herufi 32 zimedondoka. CCR5 ni kama kitasa ambacho VVU nyingi zinashika zikitaka kuingia kwenye seli, mtu akirithi mabadiliko hayo kwa baba na kwa mama kitasa hakipo. Watu hao ni kama asilimia 1 ya wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, kwa Waafrika ni nadra sana. Brown aliishi bila VVU mpaka alipofariki Septemba 2020, na alichofariki nacho ni ile saratani iliyorudi. Baadae akafuata Adam Castillejo wa London, na wengine wachache.

Ila kupandikiza uloto kunaweza kuua. Wanachoma kinga yako yote kwanza kwa dawa kali, alafu wanaweka ya mtu mwingine. Wale wote walifanyiwa kwa sababu ya saratani. Mtu kama mimi ambaye natembea mzima kwa kidonge kimoja, daktari akinipeleka huko atakua ananihatarisha bure.

Hapo ndo watu wakasema basi tuondoe hicho kitasa kwenye seli za mgonjwa mwenyewe. Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifanya hivyo kwa watu 12, wakatoa majibu 2014, kwa teknolojia iliyotangulia CRISPR. Ilikua salama kwa sehemu kubwa, seli zilizohaririwa zilidumu, ila haikuwaponya. China nao 2019 wakaeleza mtu mmoja mwenye VVU na saratani ya damu, wakampandikiza seli za mchangiaji zilizohaririwa kwa CRISPR. Saratani ilitulia, seli zikakaa, ila zilizohaririwa zilikua kama asilimia 5 tu, hazitoshi kumaliza VVU. Na kuna VVU zinazopita kitasa kingine kinaitwa CXCR4, hizo ukiondoa CCR5 hazisumbuki.

---

Sauti ya Chini

Mimi naongea ukweli wangu. Dawa ipo wanaificha. ARV ni biashara ya mabilioni, watu zaidi ya milioni 30 wanameza kila siku, nani atakubali wapone? Hiyo EBT sijui ngapi wameizima makusudi.

---

Fundi wa Visima

Ndugu yangu Sauti ya Chini naomba nikujibu kwa heshima, maana hasira yako naielewa, watu wamekufa kwa kucheleweshewa dawa na bei ndio ilikua sababu. Hilo ni kweli na lisisahaulike.

Ila hili la kuficha siliamini na nakuambia kwanini. Mimi nafanya kazi maabara, sio kwenye utafiti huo, ila seli nakuza kila siku. Kampuni ya EBT-101 ilikua na kila sababu ya kutaka ionekane imefanikiwa, wangekua matajiri kuliko wauza ARV. Wakasimama mbele ya watu wakasema kirusi kimerudi kwa wote watatu.

Ngoja niwaonyeshe kwanini kwenye maabara inakubali alafu kwenye mwili inagoma. Nina sahani ya plastiki hapa, ndogo kama kiganja, ina visima 96. Kila kisima kina seli zangu zimetulia kwenye maji mekundu ya kukuzia. Nikitaka dawa iwafikie nachukua bomba nadondosha tone, basi, imezifikia zote, hamna pa kukimbilia. Nikikosea narudia kesho na seli nyingine. Mwilini zile seli zilizolala zipo kwenye tezi, kwenye kuta za utumbo, nyingine kwenye ubongo. Na katika seli za CD4 zinazopumzika, yenye kirusi kizima kinachoweza kuamka ni kama moja kwenye milioni. Sasa unatuma mkasi kwenye damu, sehemu kubwa inaishia kwenye ini, na unatakiwa umpate huyo mmoja kwenye milioni, tena wote wa namna yake.

Alafu AAV ina mambo yake. Mzigo inaobeba ni mdogo, herufi kama 4,700 tu, ndo maana wametumia Cas9 ya bakteria mwenye Cas9 fupi. Na ukishaiweka mara moja mwili unatengeneza kingamwili dhidi yake, mara ya pili ukiileta inapigwa mlangoni. Kwahiyo huna nafasi ya kurudia rudia mpaka maficho yaishe.

Na kupima ni kazi. Zaidi ya asilimia 90 ya vipande vya VVU vilivyobandikwa mwilini ni vibovu, vimekatika vyenyewe, haviwezi kuzaa kirusi. Ukisema "nimepunguza DNA ya VVU kwa nusu" lazima nikuulize nusu ipi, ile mibovu au ile mizima?

Mimi mtu akiniletea habari ya tiba nauliza kitu kimoja kabla sijasoma: hii ni ya kwenye sahani, panya, nyani au mtu?

---

Mama wa Wawili

Habari zenu. Mimi nasomaga tu siandikagi ila leo imebidi. Mwanangu wa kwanza ana miaka 9 alizaliwa na maambukizi, mdogo wake alizaliwa salama maana nilikua nishaanza dawa. Kuna mtu aliniambia China walitengeneza watoto ambao hawawezi kupata VVU. Sasa nikawa najiuliza kwanini wangu asipate. Naomba mnieleze kwa lugha nyepesi.

---

Fundi wa Visima

Dada yangu karibu, na hongera kwa kuwalea wote wawili.

Uliyoyasikia yalitokea, ila sio tiba. Novemba 2018 mtafiti He Jiankui alitangaza kwamba amehariri CCR5 kwenye viinitete, wakazaliwa mapacha wa kike. Watoto wale hawakua na VVU kabisa. Baba yao ndo alikua nayo, na zipo njia salama za kawaida za kuhakikisha mtoto hapati kwa baba. Kwahiyo aliwaingiza kwenye hatari kwa kitu ambacho hawakukihitaji, na uhariri wenyewe haukutoka kama ile ya asili ya herufi 32. Desemba 2019 alihukumiwa miaka 3 jela. Mabadiliko ya kwenye kiinitete yanaingia kila seli, yanarithiwa na watoto wa watoto, hayarudi nyuma.

Tunayojadili kwenye uzi huu ni kuhariri seli za mtu aliyekwisha kuzaliwa, anayeelewa na kukubali, na hairithiwi. Hata hiyo bado iko kwa watu wazima wachache kwenye majaribio. Mwanao mwenye miaka 9 kinachomlinda leo ni dawa zake, na akizinywa vizuri ana uwezo wa kuzeeka kama mwenzie yeyote. Hilo limeshaonekana kwa watu wengi mno.

---

Mama wa Wawili

Asante sana kaka. Huyu anameza mwenyewe sasa hivi, ananikumbusha mimi.

---

Njiwa Mweupe

Na bei je? Maana hata ikipatikana.

---

Kopo la Saa Tatu

Hapo umegusa penyewe. Dawa ya kwanza ya CRISPR kuruhusiwa duniani ni Casgevy, ya selimundu, Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo huo. Marekani imewekewa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Na ile wanakutoa seli, wanazihariri nje, wanakuchoma uloto wako, wanazirudisha, ni miezi ya hospitali. Dunia ina watu karibu milioni 40 wenye VVU na wengi wao wako nchi maskini. Tiba ya namna hiyo haiwezi kutufikia, tusidanganyane, hata ikitangazwa kesho asubuhi.

Ndo maana mimi nafuatilia zaidi njia za kufikisha mzigo ukiwa ndani ya mwili, sindano tu. Kuna kazi ya Melbourne, Taasisi ya Doherty, ilitoka 2025, wametengeneza chembechembe za mafuta (zinafanana na zile za chanjo za mRNA za korona) zinazoweza kuingiza mRNA (maelekezo ya kutengeneza protini) kwenye CD4 iliyolala, kitu ambacho kilikua kinashindikana maana seli iliyolala haipokei wageni. Wao hawakuzitumia kukata, walizitumia kumuamsha kirusi ajitokeze. Na ni kwenye seli za wagonjwa zilizotolewa nje, kwa kipimo cha Fundi hiyo ni ya sahani. Ila kwangu hiyo habari ilinifurahisha kuliko za mkasi zote, maana hiyo ndo sehemu tuliyokwama. Mafuta hayo hayana ile shida kubwa ya kingamwili kama AAV, kwahiyo kurudia dozi kunafikirika.

---

Sauti ya Chini

Nimesoma yote. Sawa, la kuficha naliweka pembeni kwanza. Ila yule wa wiki 16, mbona mnampita haraka? Wiki 16 bila dawa si ni kitu?

---

Fundi wa Visima

Ni kitu, na umeona vizuri. Kuchelewa namna hiyo kunaweza kuwa dalili kwamba maficho yake yalipunguzwa kwa kiasi. Ila ni mtu mmoja. Wapo watu wachache ambao hata bila tiba yoyote wakiacha ARV kirusi kinachelewa kwa sababu kinga zao ziko hivyo, kwahiyo kwa mtu mmoja huwezi kusema ni mkasi au ni mwili wake. Ukiwa nao 30 na nusu yao wakachelewa, hapo utaniona nacheza.

Na niongeze hili: walioshiriki wanafuatiliwa kwa miaka 15, kwa sababu Cas9 ikikata mahali pasipo pake kwenye DNA ya mtu madhara yanaweza kuja kuonekana baadae sana. Wale watu walikua wazima, hawana wingi wa virusi, wakakubali kuingia wakijua wanaweza wasipate chochote. Mimi nawaheshimu sana.

---

Njiwa Mweupe

Mleta uzi hujatuambia, dogo anaendeleaje?

---

Kopo la Saa Tatu

Alirudi kwenye dawa siku ile ile tuliyopata majibu. Ilibidi wampime kwanza kama kirusi kimejenga usugu, bahati nzuri dawa zake zilikua bado zinakubali. Tukakubaliana saa tatu ananipigia, hatuongei sana, namsikia tu anatikisa kopo, na mimi natikisa langu. Kipimo cha baada ya miezi 6 kimekuja haigunduliki.

Habari bado anafuatilia, sijamkataza. Jana usiku kanitumia linki nyingine ya CRISPR, alafu chini yake kaandika, "kaka hii ni ya sahani au ya mtu?" Nikasoma mpaka mwisho nikamjibu, ya panya.